Paka hajui neno "kesho"



Wahenga walituachia methali mbili ambazo huwatisha sana watu wenye shughuli nyingi. Ya kwanza inasema mshika mawili moja humponyoka. Ya pili inasema njia mbili zilimshinda fisi. Kama wewe ni mmoja wa wanaofanya kazi mchana na kusoma usiku, bila shaka umeshaambiwa mojawapo, na aliyekuambia huenda ni mama yako mzazi, au bosi wako, au jirani aliyeona taa yako inawaka saa saba za usiku. Leo napenda tuzitafakari methali hizo kupitia swali ambalo pengine utaliona dogo, hata la kuchekesha: mtu aliyeajiriwa, anayesomea ualimu, afanye nini na paka wake mtundu?

Swali hilo aliniletea binti mmoja wa parokiani baada ya Misa ya kwanza, naye ameniruhusu kuliandika mradi nisimtaje. Binti huyu anauza katika duka la vifaa vya ujenzi siku sita kwa juma. Usiku anasomea ualimu kwa njia ya masafa. Panya walikuwa wakimtafunia makabrasha yake, ndipo akamleta paka. Panya wakaisha. Kazi ya paka ikaisha, ukabaki mchezo. Paka huyo hukimbiza kalamu inapoandika, hulala juu ya daftari lililofunguliwa, na usiku mmoja alimwaga kikombe cha chai juu ya andalio la somo lililopaswa kukabidhiwa kesho yake asubuhi.

"Padre," aliniambia, "jirani amejitolea kumtia kwenye kiroba akamwache sokoni, mbali, asirudi. Nimkubalie?"

Nilimwuliza kilichotokea baada ya chai kumwagika. Akanyamaza kidogo, kisha akasema alimrushia paka kiatu, naye akajificha uvunguni siku mbili bila kutoka hata kula. "Lakini Padre, si paka tu. Juma hilohilo nilimfokea mteja aliyeuliza bei mara mbili. Nilimpiga kofi mdogo wangu kwa sababu ya sahani. Nikajiuliza, mimi nitakuwa mwalimu wa namna gani?"

Hapo, ndugu msomaji, swali dogo lilikuwa limegeuka kuwa kubwa. Halikuwa tena swali la paka. Lilikuwa swali la mkono uliochoka, na jinsi mkono huo unavyomwangukia aliye mdogo kuliko wote. Mtu aliyechoka hamfokei bosi wake. Humfokea mtoto, mdogo wake, msaidizi wa nyumbani, mnyama. Na mkono uliozoea hivyo nyumbani hauachi tabia yake mlangoni mwa darasa. Atakapokuwa mbele ya watoto sitini, na mmoja akamwaga wino juu ya daftari la mwenzake, mkono huohuo ndio utakaojibu.

Kwa hiyo tusianze na kiroba. Tuanze na uchovu.

Juma lina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa juma. Ukilala saa saba kila siku, hizo ni 49. Zimebaki saa 74. Toa saa mbili za kwenda na kurudi kwa daladala kwa siku sita, zinabaki 62. Toa saa tatu kila siku za kupika, kufua, kuoga na kupanga nyumba, zinabaki 41. Soma saa mbili kila siku ya kazi, yaani saa 12, zinabaki 29. Misa ya Dominika pamoja na sala ya Jumuiya Ndogo Ndogo zichukue saa tatu, zinabaki 26. Sasa mpe paka nusu saa kila siku. Kwa juma ni saa tatu na nusu. Umebakiwa na saa 22 na nusu.

Najua hesabu ya karatasini si hesabu ya maisha. Kuna foleni, kuna msiba mtaani, kuna mgonjwa wa kuuguza. Mwenye watoto wadogo au mzazi mzee atacheka akiisoma, na ana haki ya kucheka. Lakini hata tukipunguza saa hizo kwa nusu, jambo moja linabaki wazi: anayekula muda wetu si paka. Paka anasingiziwa. Chukua simu yako, fungua mahali inapoonyesha saa ulizoitazama juma lililopita, kisha urudi tuendelee kuzungumza habari za paka.

Pengine utasema, "Padre, Maandiko Matakatifu yanahusika wapi na paka?" Swali zuri. Paka wa nyumbani hatajwi mara nyingi katika Biblia. Anatajwa katika Kitabu cha Baruku, sura ya 6, ile Barua ya Yeremia, ambapo mwandishi anaidhihaki miungu ya Babeli: popo, mbayuwayu na ndege wengine hutua juu ya vichwa vya sanamu hizo, na paka nao hupanda. Angalia hapo. Watu wazima wanaisujudia sanamu kwa hofu, paka anaigeuza kuwa mahali pa kukaa. Yeye hababaishwi na dhahabu iliyopakwa juu ya mti. Ndivyo anavyolifanyia hata daftari lako la masomo. Unaliona kama mlango wa maisha yako yote, yeye analiona kama kitu cha kulalia. Na nyakati fulani tunahitaji kiumbe wa kutukumbusha kwamba cheti ni kitu chema, lakini si mungu.

Kuhusu mchezo wenyewe, Biblia inasema zaidi. Kitabu cha Methali, sura ya 8, kinaionyesha Hekima ikiwa mbele za Mungu tangu mwanzo wa uumbaji, ikifurahi na kucheza mbele zake kila siku. Zaburi ya 104 inathubutu kusema kwamba yule mnyama mkubwa wa baharini, Lewiathani, Mungu alimuumba ili acheze humo. Hivyo mchezo si upotevu wa muda uliopenya ndani ya uumbaji wakati Mungu hajaangalia. Aliuweka mwenyewe. Wewe unayejiandaa kuwafundisha watoto unapaswa kulijua hili kuliko wengine wote, kwa sababu chuoni umefundishwa kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza.

Mtazame paka mwenyewe. Kuruka kwake juu ya kalamu yako ni mazoezi ya kuwinda. Na aliyemfundisha kuwinda ni mama yake, kwa utaratibu ambao mkufunzi wako angeupa alama nzuri. Paka mzazi huwaletea watoto wake kwanza mawindo yaliyokwisha kufa. Baadaye huleta mawindo yaliyo hai lakini yaliyodhoofika, akayaachia mbele yao, akakaa pembeni na kuwatazama. Wakishindwa na panya akataka kukimbia, mama huingilia. Mwishowe huwaacha wawinde wenyewe. Kutoka rahisi kwenda gumu, kutoka kuonyeshwa kwenda kutenda: si ndiyo hayo uliyoyaandika kwenye andalio lililomwagikiwa chai?

Zaidi ya hayo, paka hajui neno "kesho". Hili ndilo napenda ulibebe unaporudi nyumbani. Kazi za chuo zinaweza kusogezwa, mkufunzi akiombwa mapema. Hesabu za duka zinaweza kumaliziwa asubuhi. Lakini wapo ambao hawawezi kuelewa ukiwaambia subiri: mtoto mchanga, mgonjwa mahututi, mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu, mnyama. Kwao upendo ni wa sasa hivi, au haupo. Anayejizoeza kusimamisha kalamu robo saa kwa ajili ya kiumbe asiyejua "kesho" anajizoeza jambo ambalo halimo kwenye mtihani wowote, nalo ndilo mwanafunzi wa darasa la kwanza atakalolihitaji kutoka kwake siku ya kwanza ya shule, akiwa analia mlangoni na mama yake ameshaondoka.

Kanisa linafundisha waziwazi juu ya wanyama. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kuanzia namba 2415 hadi 2418, inatuambia kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu na tunawiwa kuwatendea kwa wema. Inaruhusu kuwatumia kwa chakula na mavazi, kuwafuga watusaidie kazi na hata katika mapumziko yetu. Inakataza kuwatesa au kuwaua bila sababu. Vilevile inaonya upande wa pili: si sawa kuwatumia wanyama fedha ambazo kwanza zilipaswa kumwondolea binadamu dhiki. Basi usiende kumnunulia paka kitanda wakati mdogo wako hana sare. Mabaki ya dagaa waliochemshwa bila chumvi na bakuli la maji safi vinamtosha kwa sehemu kubwa. Usimpe mboga zenye vitunguu, humdhuru, na maziwa ya ng'ombe huwasumbua matumbo paka wengi waliokwisha kukua. Mchanjishe kichaa cha mbwa, kwa maana paka naye huweza kuupata na kukuambukiza. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kulitibu jeraha ukiwa na wasiwasi.

Na kiroba? Paka aliyezoea nyumba, ukimtupa sokoni usiku kati ya mbwa na magari, umemtesa bila sababu ya lazima. Kitabu cha Methali, sura ya 12, aya ya 10, kinampima mwenye haki hata kwa namna anavyojali uhai wa mnyama wake. Kama kweli huwezi kumtunza, mtafutie mtu atakayempokea na umkabidhi mkononi. Na kama jirani anakutisha kwamba msichana anayeishi na paka ana mambo ya kishirikina, mjibu kwa upole kwamba umebatizwa. Mkristo haogopi paka.

Turudi sasa kwenye zile methali. Je, wahenga walikosea? Hapana. Fisi alishindwa na njia mbili kwa sababu alinusa nyama pande zote mbili, akataka kufika kote kwa wakati mmoja, mguu huu huku na mguu ule kule. Tatizo lake halikuwa wingi wa njia. Hakujua anakokwenda. Mtume Paulo alikuwa na kazi mbili: Matendo ya Mitume, sura ya 18, inatuambia kwamba kule Korintho alishona mahema siku za kazi na kufundisha katika sinagogi siku ya Sabato. Hakugawanyika, maana hema lilimlisha ili aweze kufundisha. Mtakatifu Yohane Bosko, akiwa kijana maskini anayesoma mjini Chieri huko Italia, alitumika katika mkahawa ili apate mahali pa kulala na chakula. Baadaye alikuja kuwa baba na mwalimu wa vijana, akijenga malezi yake juu ya mambo matatu: akili, dini na upendo wenye upole, badala ya fimbo. Sidhani kama angewaelewa vijana wafanyakazi wa Torino vile alivyowaelewa, kama yeye mwenyewe asingewahi kufuta meza za wateja huku akili yake iko kwenye vitabu.

Ndiyo maana taifa letu nalo lilifungua mlango kwa wanaofanya kazi na kusoma. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, ili mtu asome bila kuacha kazi wala familia. Wapo walimu wengi waliopita njia hiyo, na pengine mmoja wao anamfundisha mtoto wako.

Lakini nisikudanganye. Wakati mwingine ni lazima kuacha kitu. Mwalimu Julius Nyerere alisomea ualimu Makerere, akafundisha Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, na baada ya masomo ya Edinburgh akafundisha Mtakatifu Fransisko, Pugu. Mwaka 1955 alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa. Akajiuzulu kazi ya kufundisha. Aliacha ajira lakini hakuacha wito, na ndiyo maana hadi leo tunamwita Mwalimu. Wewe nawe unaweza kufika njia panda ya namna hiyo. Ukifika, jiulize maswali matatu mbele ya Tabernakulo, bila haraka. Nimemwahidi nani? Nikiacha hili, ataumia nani asiyeweza kujitetea? Na je, kinachonichosha ni jambo lenyewe, au ni namna ninavyolibeba?

Swali la tatu ndilo lililomsaidia binti yetu. Alipolijibu kwa ukweli, aligundua kwamba kwa miezi minane hakuwa amepumzika siku hata moja. Dominika alisali Misa ya kwanza, kisha akasoma hadi usiku. Sheria ya nchi inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Sheria ya Mungu ilimpa hayo tangu zamani, na katika Kutoka 23:12 Mungu anataka hata ng'ombe na punda wapumzike siku ya saba. Yaani tulikuwa tunajadili kumtupa paka, wakati mwenye paka alikuwa akijinyima haki ambayo Mungu aliwapa punda.

Alifanya mambo machache, na ninakueleza kwa sababu yanaweza kukufaa. Alimwendea mwajiri wake mapema, miezi kabla ya mazoezi ya kufundisha, kumweleza kwamba siku 28 za likizo ya mwaka pekee hazitatosha na kumwomba wapange pamoja. Alinyamaza muda mrefu akiogopa jibu, na jibu lilikuwa afadhali kuliko hofu: sehemu ya majuma hayo atapewa bila malipo. Dominika mchana alifunga vitabu. Na kwa paka alijifunza jambo rahisi. Paka ana nguvu zaidi jioni na alfajiri, na hulala sehemu kubwa ya siku. Sasa akirudi kutoka kazini humchezesha kwanza robo saa kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, akiangalia asimeze nyuzi, kisha humpa chakula. Paka akishakimbia na kushiba, hujilamba na kulala. Ndipo binti hufungua daftari. Robo saa nyingine humpa alfajiri. Chai sasa huwekwa sakafuni, mbali na meza.

Haya si maajabu, na maisha yake hayajawa mepesi. Bado anasinzia kwenye daladala. Lakini aliniambia kwamba robo saa ile ya jioni ndiyo humtoa dukani. Akiingia nyumbani anakuwa bado amebeba sauti za wateja, na akianza kusoma hapohapo, hasira ya duka huingia kwenye kitabu. Paka humlazimisha kuiweka chini. Na mdogo wake amejiunga na mchezo huo. Tangu kofi lile alikuwa akimkwepa dada yake. Sasa wanagombania kijiti.

Mtakatifu Martino wa Porres, mdominikani wa Lima aliyefariki mwaka 1639, huchorwa akiwa na ufagio mkononi, na miguuni pake mbwa, paka na panya wakila kutoka sahani moja. Alikuwa mtoto wa mwanamke mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, aliyedharauliwa kwa rangi yake. Alifagia, alinyoa, aliuguza wagonjwa usiku na mchana, na bado alipata nafasi ya kuwalisha wanyama. Hakuwa na muda mwingi kuliko sisi. Alikuwa na moyo mmoja, na moyo huo ulikwenda naye kila alipokwenda, kwenye ufagio, kwenye kitanda cha mgonjwa, na kwenye sahani ya paka. Mtu wa namna hiyo hagawanyiki hata akiwa na njia kumi.

Bwana wetu katika Injili ya Marko, sura ya 6, aliwaona mitume wamechoka, watu wanaingia na kutoka hata hawapati nafasi ya kula, akawaita waende naye mahali pa faragha wapumzike kidogo. Hakuwakemea kwa kuchoka, wala hakuwaambia waache utume. Leo anakuita nawe hivyohivyo, mwalimu unayejiandaa, mfanyakazi unayesoma, mama unayeuza genge huku unakariri maswali ya mtihani. Jioni hii funga kitabu mapema. Mtazame aliye mdogo kuliko wote nyumbani kwako, na umpe robo saa yako bila kuangalia simu.

Mungu wa uvumilivu azibariki kazi za mikono yako, ayaangaze masomo yako, na aulainishe mkono wako kwa wote walio wadogo. Dominika njema.